Gitaa Kavu Kwanza: Hotuba kwa Wapiga Gitaa na Watayarishaji wa Muziki wa Dodoma

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliopiga gitaa enzi za bendi, walimu wa kwaya, vijana wa studio, mabibi na mabwana: habari za asubuhi, na asanteni kwa kuziacha shughuli zenu za Jumamosi. Nimeombwa nizungumzie namna ya kurekodi gitaa la umeme kwa kutumia efekti, yaani vibadilisha sauti, zilizomo ndani ya kompyuta, na kwa kuwa wengi wenu mnatoka kwenye studio za chumba kimoja huko Nzuguni, Ipagala, Chang'ombe na Miyuji, sitazungumza kana kwamba tuna jengo lenye kuta za sponji na amplifaya za kila aina. Nitazungumzia gitaa moja, waya mmoja, kadi moja ya sauti, yaani kile kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, na kompyuta mpakato ambayo pengine mchana inaandikiwa barua za ofisi.

Neno langu ni moja, nami nitalisema mapema ili anayewahi basi la Singida aondoke nalo: ihifadhi sauti kavu ya gitaa, yaani ile iliyotoka kwenye nyuzi kabla haijaguswa na efekti yoyote, lakini usimwache mpigaji apige huku akiusikia ukavu huo. Mengine yote nitakayoyasema ni maelezo ya kwa nini nusu zote mbili za sentensi hiyo zinahitajiana.

Nianze na nyumba zetu. Chumba ninachorekodia kina paa la bati na dari nyembamba, jirani wa kulia anafuga kuku, na wa kushoto ana karakana ya kuchomelea mageti. Kumrekodi mwimbaji humo ni kazi ya kuviziana na majirani, na mvua ikianza kugonga bati hakuna la kufanya ila kuchemsha chai. Gitaa la umeme halina shida hiyo. Pikapu yake, na hapa simaanishi gari la kubebea mkaa, haisikilizi hewa kama maiki. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba kwa maelfu ya mizunguko, na uzi wa chuma unapotetema juu yake huutikisa uga wa sumaku, umeme mdogo ukazaliwa ndani ya koili, kwa kanuni ile ile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Jogoo si uzi wa chuma, kwa hiyo hata akiwika mlangoni haingii kwenye traki, yaani mstari wa rekodi ya gitaa. Ndiyo sababu msimu wetu wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili, waimbaji wakiwa wamekaa kimya wakiliangalia bati, mimi huutumia kupanga siku za magitaa.

Hata hivyo, pikapu isiyomsikia jogoo inausikia umeme wa nyumba, tena vizuri mno. Umeme wetu hubadili mwelekeo kwa masafa ya hezi 50, na uga wake hutoka kwenye transfoma, kwenye nyaya za ukutani, kwenye taa za tyubu na kwenye chaja ya kompyuta, ukaingia katika koili kama mlio wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Watu huniuliza kwa nini tusiukate mlio huo kwa ikwalaiza, kile kipunguza na kiongeza masafa, tukaendelea na kazi. Jibu ni kwamba mlio huo hauji peke yake, bali huja na watoto wake wa hezi 100, 150 na kuendelea, na uzi mnene wa gitaa ukiachwa wazi unatoa hezi 82 na ushei, huku ule wa tano ukitoa 110. Kelele na muziki vinalala kitanda kimoja. Ukikata ovyo unaondoka na mwili wa gitaa.

Dawa yake iko kwenye miguu ya mpigaji. Alikuja kwangu kijana mmoja na gitaa la pikapu za koili moja moja, akakaa kwenye stuli akiikabili kompyuta kama watu wote wanavyokaa, na kelele zikawa nyingi kiasi kwamba kila alipoacha kupiga tulidhani friji imewaka. Nilimwomba ageuke polepole, akiwa amezishika nyuzi zote zisilie, huku mimi nikiangalia kipimo cha sauti kwenye skrini. Alipofika robo ya mzunguko, uso wake ukiwa dirishani, ule mvumo ulishuka karibu kuisha. Alipozidi kidogo ukapanda tena. Nikachukua chaki nikachora miguu ya stuli sakafuni. Alama hiyo ipo hadi leo, na kila mpiga gitaa anayeingia humo hukalishwa juu yake kabla hajaulizwa jina la wimbo. Baada ya hapo nikachomoa chaja, kompyuta ikabaki na betri yake, na kelele nyembamba ya juu iliyokuwa imesalia nayo ikatoweka. Wenye pikapu za koili mbili, zile ambazo Seth Lover wa kampuni ya Gibson alizibuni mwaka 1955, wana nafuu kubwa, kwa sababu koili hizo zimefungwa ili kelele ya moja iifute ya mwenzake. Nao, hata hivyo, chaki haiwadhuru.

Sasa waya. Kadi nyingi za sauti zina tundu lenye alama ya gitaa, au swichi iliyoandikwa Hi-Z, na nimeona vijana wengi wakiiacha swichi hiyo bila kuibonyeza kwa sababu sauti inaingia hata hivyo. Inaingia, lakini imefunikwa blanketi. Pikapu ya kawaida ni chanzo dhaifu chenye ukinzani mkubwa, na ukinzani huo huongezeka kadiri sauti inavyokwenda juu. Ukiichomeka kwenye tundu la kinanda au la miksa, ambalo ukinzani wake mara nyingi ni kama omu 10,000, tundu hilo linanyonya umeme kuliko pikapu inavyoweza kutoa, na kinachokufa kwanza ni ule mng'ao wa juu unaomfanya msikilizaji ajue kwamba kuna kidole kimegusa uzi. Tundu la gitaa lina ukinzani wa takriban omu milioni 1, sawa na wa amplifaya za gitaa, kwa hiyo halinyonyi. Ikwalaiza haiwezi kukirudisha kilichokufa hapo. Itakachokirudisha ni kelele. Waya wenyewe uwe mfupi, mita 3 zatosha chumbani, maana waya mrefu nao hula mng'ao ule ule kwa njia yake. Na kwa vumbi letu la Dodoma, jeki na vitufe vya gitaa visafishwe kwa dawa ya kupulizia vifaa vya umeme. Mkwaruzo wa kitufe chenye vumbi ukipita kwenye distoshoni, ile efekti ya kuipasua sauti ikakwaruza, unakuwa ngurumo.

Nije kwenye kiwango cha sauti, ambako ndiko ninakoona makosa mengi kuliko kwingine kote. Tumerithi tabia kutoka zama za kanda, ambapo sauti iliyorekodiwa chini ilimezwa na mvumo wa kanda yenyewe, hivyo mhandisi aliisukuma juu kadiri alivyoweza. Kurekodi kwa biti 24 kumeiondoa hofu hiyo: kwa hesabu, nafasi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa inafika desibeli 144, wakati biti 16 za CD zinaishia kwenye 96. Hakuna sababu ya kuubana mshale kwenye nyekundu. Mwambie mpigaji apige kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, ya nguvu kuliko zote, ile atakayoipiga watu wakishangilia, kisha punguza gaini, yaani ukuzaji wa sauti inayoingia kwenye kadi, hadi kilele chake kiwe kama desibeli 12 chini ya sifuri. Sauti ikigonga sifuri kwenye kompyuta haina ule upole wa amplifaya ya valvu. Vilele vinakatwa kwa panga, na efekti yoyote utakayoiweka juu yake itakuwa inapaka rangi jeraha.

Kuna sababu nyingine ya kujali kiwango, na hii ndiyo inayonifanya nipende kuwaeleza watu wa Dodoma habari za distoshoni, kwa kuwa waliijua kabla amplifaya hazijafika. Ilimba ya Wagogo, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliipeleka majukwaa ya mbali kabla hajafariki mwaka 2003, ina tundu kwenye kisanduku chake linalofunikwa kwa utando wa buibui. Kidole gumba kikigusa ulimi wa chuma kwa upole, sauti hutoka safi. Kikiongeza nguvu, utando hutetema na mlio ukapata mvumo wa kukwaruza unaoifanya isikike ng'ambo ya ngoma. Anayeuamua mvumo huo ni mkono wa mpigaji. Amplifaya ya gitaa ni hivyo hivyo, na amplifaya ya programu, ikiwa imetengenezwa vizuri, huiga tabia hiyo hiyo: haitoi kiasi kimoja cha distoshoni, bali inajibu kile ulichoingiza. Kwa hiyo ukirekodi gitaa leo kwa gaini hii na kesho kwa gaini ile, mpangilio ule ule wa plagini, yaani programu ndogo ya efekti ndani ya programu ya kurekodia, utakupa amplifaya mbili tofauti, nawe utalaumu programu. Tafuta gaini inayolifaa gitaa fulani, iandike kwenye daftari pamoja na jina la mwenye gitaa, na usiiguse tena.

Sasa niingie ndani ya kompyuta. Kompyuta haipokei sauti tone kwa tone. Inasubiri ndoo ijae ndipo iibebe, na ndoo hiyo ndiyo tunayoiita bafa. Mnaojua foleni za bombani mnaelewa kwamba ndoo kubwa inapunguza safari lakini inaongeza kusubiri. Tukirekodi kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde na ndoo ya sampuli 1,024, kila ndoo huchukua milisekunde 21 na ushei kujaa, nasi tunahitaji moja ya kuingia na nyingine ya kutoka, jumla karibu milisekunde 43. Sauti husafiri hewani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kuchelewa huko ni sawa na kulipiga gitaa hapa huku spika ikiwa umbali wa karibu mita 15, pale kwenye mti mlikoegesha pikipiki. Hakuna atakayeshika mdundo hivyo. Ukiipunguza ndoo hadi sampuli 128, safari zote mbili zinachukua milisekunde 5 na kidogo, sawa na spika iliyo chini ya mita 2, na hata ukiongeza muda mfupi unaotumiwa na kadi yenyewe, mkono hauoni tofauti. Ukienda hadi 64 kompyuta dhaifu itaanza kurukaruka na kutoa milio kama bisi kwenye sufuria, kwa hiyo 128 ndipo ninapoanzia mimi, na kwenye mashine iliyochoka narudi 256 bila aibu.

Kwenye Windows, hakikisheni programu inazungumza na kadi kupitia draiva ya ASIO, ule mfumo wa kampuni ya Steinberg, kwa kuwa njia ya kawaida ya Windows inaongeza foleni nyingine juu ya foleni. Kadi isiyo na draiva yake inaweza kusaidiwa na ASIO4ALL, ambayo ni ya bure. Mambo ya kumiksi yakifika, rudisheni bafa kwenye 1,024, maana hapo hakuna mtu anayepiga.

Kadi nyingi pia zina kitufe cha kumsikilizisha mpigaji sauti yake moja kwa moja, bila kuipitisha kwenye kompyuta. Sauti hiyo haicheleweshwi hata kidogo, na kwa mwimbaji ni neema. Kwa mpiga gitaa la umeme ni mtego, na hapa ndipo nusu ya pili ya neno langu inapoingia. Gitaa kavu lina sauti fupi, nyembamba, isiyodumu. Mpigaji akiisikia hiyo masikioni anajaribu kuirefusha kwa nguvu za mkono. Nimemwona mtu mzima mwenye uzoefu akizipiga nyuzi kwa hasira hadi kila noti ikaanza juu ya tyuni yake kabla haijatulia, kwa sababu uzi uliopigwa mno hunyooka na kupanda. Tulipomwekea amplifaya ya programu masikioni, bila kumwambia neno lolote, mkono wake ulitua wenyewe. Alianza kuziacha noti ziishe. Alianza kutumia kitufe cha sauti cha gitaa, jambo ambalo kwenye sauti kavu halina maana. Traki kavu iliyorekodiwa na mtu aliyekuwa anasikia efekti haifanani na traki kavu ya mtu aliyekuwa anasikia ukavu, hata kama nyaya na kadi ni zile zile.

Utekelezaji wake ni rahisi, ila unataka ujue programu yako inaandika nini. Katika programu nyingi za kurekodia, plagini iliyowekwa juu ya traki husikika lakini haiandikwi. Kinachoandikwa kwenye diski ni sauti ilivyoingia. Lakini katika Reaper, kwa mfano, kuna sehemu nyingine ya efekti za kuingizia, na kinachowekwa huko huandikwa pamoja na sauti. Cubase nayo ina njia ya kuingizia ambayo efekti zake huandikwa vivyo hivyo. Jaribio ni la dakika moja: rekodi kodi mbili, zima plagini zote, sikiliza. Ukisikia gitaa jembamba linalochekesha, uko salama.

Mimi nililijua hilo kwa kuumia. Nikiwa bado mgeni wa kazi, nilirekodi gitaa la solo la kwaya moja, na kwa kuwa mpigaji aliipenda dilei, efekti ya kuirudia noti kama mwangwi, niliyomwekea, nikaiweka kwenye efekti za kuingizia bila kujua tofauti. Kazi ikaisha, kijana akarudi kwao Mpwapwa. Wiki iliyofuata mwalimu wa kwaya akasikia noti moja ya makosa katikati ya solo, akaniomba niifute, jambo ambalo kwa kawaida ni la sekunde kumi. Niliifuta noti. Mwangwi wake ukabaki, umelala juu ya noti tatu zilizofuata, ukilitaja kosa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi kama mtu anayesengenya. Hakuna kifaa nilichokuwa nacho kilichoweza kuwatenganisha. Wimbo ulitoka hivyo, na nikiusikia kwenye daladala mpaka leo hutazama nje ya dirisha.

Msiogope kujaza diski. Traki moja kavu ya biti 24 kwa sampuli 48,000 inachukua megabaiti 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 haufiki megabaiti 35. Flashi ya gigabaiti 32 inabeba karibu saa 60 za gitaa.

Tukishakuwa na traki kavu, amplifaya ya programu inafanya nini hasa? Mambo haya hayakuanza jana. Kifaa kidogo cha Line 6 kiitwacho POD kilitoka mwaka 1998, kikawafanya watu waanze kuamini kwamba hesabu zinaweza kuiga valvu. Leo kuna Neural Amp Modeler, programu ya bure yenye msimbo wazi, ambayo hupewa sauti iliyoingia kwenye amplifaya ya kweli pamoja na sauti iliyotoka, kisha hujifunza kilichotokea katikati. Kijana wa Nzuguni asiyeweza kununua amplifaya ya valvu anaweza kupakua tabia ya amplifaya hiyo bila senti. Hii ni habari njema, na ningependa muitumie badala ya kuhangaika na plagini za wizi zinazokuja na virusi ndani ya mfuko.

Lakini amplifaya bila kasha la spika ni nusu ya kitu. Spika ya gitaa ya inchi 12 haina haja na sauti za juu sana. Baada ya hezi 5,000 hivi inaanza kuzitupa, na kutupa huko ndiko kunakoigeuza distoshoni kutoka mzinga wa nyuki kuwa gitaa. Kwenye kompyuta kazi hiyo hufanywa na faili dogo la sauti linaloitwa kwa kifupi IR, ambalo ni alama ya kasha fulani likiwa na maiki fulani mahali fulani. Maoni yangu, na najua wapo wasiokubaliana nami, ni kwamba kubadili IR kunabadili sauti kuliko kuvizungusha vitufe vyote vya amplifaya. Mtu akiniletea gitaa linalokera, sigusi vitufe. Natafuta kasha jingine kwanza. Kosa la kuangalia ni kuweka kasha mara mbili, kwa mfano plagini yenye kasha lake ndani halafu IR juu yake, na sauti ikatoka kama inayopigwa ndani ya pipa.

Mpangilio wa efekti nao una mantiki yake. Distoshoni hupasua kila inachokikuta, kwa hiyo ukiweka mwangwi wa ukumbi kabla yake, unaupasua ukumbi mzima. Ukiuweka baada ya amplifaya na kasha, gitaa lililopasuka linasimama ndani ya ukumbi mzima ulio safi. Vivyo hivyo kodi: noti mbili zikipita pamoja kwenye distoshoni huzaa noti nyingine zisizopigwa na mtu, na kodi ya noti sita ikizaa namna hiyo inakuwa tope. Wapiga roki huicheza kodi ya noti ya msingi na ya tano tu wakiongeza distoshoni, na kwa sababu hiyo hiyo magitaa mawili yapewe distoshoni kila moja peke yake, kamwe yasichanganywe kwanza.

Distoshoni ya kompyuta ina ugonjwa wake mmoja ambao amplifaya ya kweli haina. Inapopasua sauti huzaa masafa ya juu mno, na kwa sampuli 48,000 kompyuta haiwezi kushika kitu kilicho juu ya hezi 24,000. Kile cha hezi 30,000 hakipotei, bali hukunjwa na kurudi kwenye 18,000, mahali ambapo hakina uhusiano wowote na wimbo. Masikio huusikia mkunjo huo kama mchanga kwenye wali, hasa kwenye noti za juu zinazovutwa. Plagini nyingi zina kitufe cha kuzidisha sampuli mara 4 au mara 8 kinachotibu hilo. Kinaielemea kompyuta, kwa hiyo kizimwe wakati wa kurekodi na kuwashwa wakati wa kumiksi.

Naomba sasa niseme kitu kuhusu mipangilio inayokuja tayari ndani ya plagini. Mingi imetengenezwa ili imshangaze mtu anayepiga gitaa peke yake chumbani: mwangwi mwingi, dilei mbili, distoshoni ya kutosha kubomoa ukuta. Gitaa la dansi letu linaishi maisha mengine. Solo na rizimu zinapokezana maneno kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, na mchi wa mmoja ukichelewa kutoka, wa mwenzake unagonga. Mwangwi ni mchi unaochelewa. Kwa hiyo hatua yangu ya kwanza ni kuzima nusu ya kilichomo, kubakiza amplifaya safi yenye distoshoni kidogo inayojitokeza mkono ukizidi, na kukata sauti zilizo chini ya hezi 80 hivi ili besi na ngoma zipate uwanja. Dilei ikihitajika ihesabiwe: gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 120 una pigo moja kila milisekunde 500, kwa hiyo dilei ya 250 huanguka katikati ya mapigo, na 375 hucheza dhidi yake kwa utamu. Dilei iliyobahatishwa kwa sikio la usiku wa manane huwa inamchezea mtu mwingine, si wimbo.

Na ukitaka rizimu pana, moja kushoto nyingine kulia, mpigaji aipige mara mbili. Kunakili traki na kuzitenganisha pande mbili hakuzai upana. Vitu viwili vinavyolingana kabisa hukutana katikati na kuwa kitu kimoja chenye sauti kubwa zaidi. Upana unatokana na tofauti ndogo ndogo za mkono ambazo mtu hawezi kuzirudia hata akitaka.

Mzee mmoja hapa mbele aliniambia kabla hatujaanza kwamba haya yote ya kuhifadhi sauti kavu ni woga wa kuamua. Anayo hoja, nami sitaikwepa. Bendi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga pamoja, kwa mkupuo, mbele ya maiki, na sauti iliyoingia kwenye kanda ndiyo iliyobaki. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano hakuwa na plagini ya kubadilisha kesho, na tangu afariki mwaka 1979 hakuna aliyelalamika kwamba solo zake zina amplifaya isiyofaa. Nakubali kwamba kijana mwenye amplifaya 200 kwenye skrini anaweza kupoteza mwezi akichagua na asimalize wimbo. Ndiyo maana kwangu sauti huchaguliwa kabla ya kurekodi, mpigaji akiwepo, na huwa haibadilishwi kwa kupendapenda. Traki kavu naiweka kama mtu anavyoweka risiti: nyumba imeshajengwa, hakuna anayeitazama, hadi siku atakapokuja mtu na swali. Wakati wa zile bendi swali hilo lilijibiwa kwa kurudia wimbo wote, kwa sababu watu wote walikuwa chumbani. Mpigaji wangu ameshafika Mpwapwa.

Nimekula muda wa kutosha, na Mwenyekiti ananitazama. Tutaendelea kwa vitendo: kompyuta iko tayari, bafa iko 128, na ninaona angalau magitaa manne yaliyokuja na wenyewe. Mwenye gitaa la pikapu za koili moja moja asogee mbele kwanza, aje na waya wake. Na ndugu aliye karibu na swichi pale mlangoni, tafadhali tuzimie hizo taa za tyubu.